Mama Mwenye Kunisaidia Tu

Koko Scholastique hakumwita mjukuu wake Bénédicte kwa jina lake hata siku moja. Jina la ubatizo aliwaachia padri na mwalimu wa shule. Yeye, tangu mtoto alipoanza kusimama, alimwita mbanda, yaani mke mwenza, maana kwetu mjukuu wa kike na nyanya yake ni wake wa mume mmoja. Wanamgombania mzee, hata kama mzee mwenyewe alikwisha kuzikwa zamani huko Djugu.

"Mbanda, amuka. Jua imepanda na weye ungali unakoroma," alisema asubuhi. Na wakati wa kula: "Mumuangalie namna anakula. Ndiyo maana bwana yetu alikimbia, akaenda kujificha ndani ya kaburi."

"Alikimbia sombe yako, koko," Bénédicte alijibu, kama alivyofundishwa kujibu. "Ilikosa chumvi."

Hapo koko alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.

Ndivyo alivyokuwa. Mtu aliyemheshimu tu, alimpa kiti, akainamisha macho, akamwita madame au papa. Mtu aliyempenda, alimtukana. Wageni waliopita uani walishangaa kusikia mwanamke mwenye mvi anamwita mtoto wa shule mwizi wa waume, lakini mtoto mwenyewe alikua ndani ya matusi yale kama wengine wanavyokua ndani ya blanketi.

Mama ya Bénédicte alikuwa binti wa pekee wa Koko Scholastique. Alikufa mtoto akingali ananyonya. Baba, mvuvi wa Tchomia, alichukuliwa na ziwa mwaka uliofuata. Koko hakungoja kuitwa. Alimfunga mtoto mgongoni kwa kikwembe, akashuka kutoka vilima vya Djugu mpaka Bunia, akatafuta mahali pa kutandika gunia sokoni, akauza mihogo na majani yake, yaani sombe, mpaka msichana akamaliza mwaka wa sita. Siku ambazo sombe haikuuzika, walikula sombe. Siku ambazo bugali haukutosha, koko alisema meno yanamuuma, akasukuma sahani kwa mtoto, kisha akakwangua yaliyoungua chini ya sufuria. Bénédicte aliyaamini meno yale miaka mingi. Alipokuwa mzazi mwenyewe ndipo alipofahamu kwamba mtu mwenye meno ya kuuma hatafuni bugali ulioungua.

Nyanya wa pili aliishi Tchomia: Koko Madeleine, mama ya baba. Huyo alituma samaki waliokaushwa kwa moshi, wamefungwa ndani ya majani ya ndizi, na mara alipopata nafasi kwenye gari alikuja mwenyewe. Wazee hao wawili wakikutana, majirani walisogeza viti ili wasikilize.

"Watu wa vilima," Koko Madeleine alianza hata kabla ya kushusha mzigo, "mungali munakula majani kama mbuzi?"

"Tunakula majani juu samaki yenu inanuka kama miguu yenu," Koko Scholastique alijibu, huku akimtilia chai na kumchagulia kiti kisichoyumba.

Wakati ule watu wa vilima kuoana na watu wa ziwa lilikuwa jambo la kila siku, jambo la kuchekesha watu arusini. Kisha vita ikaja. Vilima vikawa upande mmoja na ziwa upande mwingine, na Bunia ikatwaliwa mara na hawa, mara na wale. Mtu aliulizwa njiani, weye mutu wa wapi, na mdomo ukamkauka kabla ya kujibu. Kwa baba, Bénédicte alikuwa mtu wa ziwa. Kwa mikono iliyomlea, alikuwa mtu wa vilima. Lakini njiani hakuna aliyeuliza habari ya mikono.

Destin, mtoto wa Bénédicte, alizaliwa katikati ya mambo hayo. Rodrigue, baba yake, alikuwa ameondoka na lori kuelekea Niania, na barabara ikafungwa nyuma yake. Aliyempokea mtoto ni koko. Alimgeuza, akamtazama vizuri, akasema, "Eh, bwana yetu amerudi. Na safari hii, mbanda, miye wa kwanza."

Baada ya hapo alimkanda mzazi kila asubuhi. Alichemsha maji na majani, akachovya kitambaa, akakikamua. Lakini kabla ya kukiweka kwenye tumbo la Bénédicte alikiweka kwanza kwenye tumbo lake mwenyewe, chini ya blauzi. "Mikono yangu ilizoea sufuria, inadanganya," alisema. "Tumbo haidanganyake." Akiuma mdomo, alingoja kipoe. Asipouma, alikibandika kwa mjukuu na kukandamiza kwa uzito wake wote, huku akimtukana kwa kulia kama kuku. Pale alipokuwa akijipimia, chini ya kitovu, ngozi yake ilikuwa imebadilika rangi. Bénédicte aliiona, na hakusema kitu. Alidhani ziko siku nyingi za kusema.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano risasi zilianza upande wa soko, na safari hiyo hazikunyamaza. Walikimbia na wengine wote mpaka kwenye kambi karibu na uwanja wa ndege, ambako askari wa kofia za buluu walikuwa wamezungusha waya. Bénédicte alibeba mtoto. Koko alibeba vilivyobaki: sufuria kichwani, nguo ndani yake, na bido, dumu la maji, mkononi.

Ndani ya kambi hakuna aliyewapanga watu, lakini walikuwa wamejipanga. Wa ziwa hapa, wa vilima kule, katikati njia ya matope. Bénédicte alisimama kwenye ile njia, mvua ikianza, asijue aende wapi. Mama mmoja mnene, mwenye kitambaa cheusi cha matanga, alimwona na kitoto chake, akasogeza mizigo yake chini ya turubai.

"Ingia, mutoto asinyeshewe. Miye Honorine. Weye mutu wa wapi?"

"Baba yangu ni wa Tchomia. Koko yangu Madeleine iko kule."

"Bon. Basi uko kwenu." Honorine alimpokea mtoto, akampangusa uso kwa pembe ya kikwembe chake. "Miye nilikuwa na kijana. Floribert. Watu wa vilima walimukuta shambani, juma ya jana. Hata viatu walichukua." Alisema hayo kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza kwa nini amevaa nyeusi. Kisha akainua macho, akatazama nyuma ya Bénédicte. "Na ule muzee, ni nani?"

Baadaye Bénédicte alijiambia kwamba hakufikiri. Lakini haikuwa kweli. Alifikiri, haraka sana na vizuri sana. Alifikiri mvua, mtoto, turubai, kitambaa cheusi. Hata jina la nyanya mmoja alikuwa amekwisha kulitoa, na lilikuwa linatosha.

"Ni mama mwenye kunisaidia tu," alisema. "Tulikutana njiani."

Koko alikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Sufuria haikutikisika kichwani. Aliishusha polepole, akakunja goti mbele ya Honorine kama mtu anayemsalimia mkubwa, ingawa Honorine angeweza kuwa binti yake. Akasema yeye ni wa Niania, mahali ambako kila mtu ametoka mahali pengine. Kisha akamgeukia mjukuu wake na kuinamisha macho.

"Madame," alisema, "bido niweke fasi gani?"

Neno hilo Bénédicte alilisikia tangu siku ile asubuhi na jioni. Madame, maji imechemka. Madame, geuka nikukande. Destin naye hakuwa tena bwana wa mtu, alikuwa mutoto ya madame. Koko alimkanda vilevile, kwa kitambaa kile kile, lakini bila kumtukana, na mwili wa Bénédicte, uliozoea vyote viwili pamoja, ulikaa kama umepewa dawa nusu.

Siku moja walikuwa wawili tu kwenye njia ya kwenda bombani, hakuna mtu mbele wala nyuma.

"Koko," alisema, "hapa hakuna mutu. Niite vile ulikuwa unaniita."

Koko aliendelea kutembea. "Mutu iko kila fasi, madame. Funika mutoto kichwa, jua ni kali."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, Bénédicte angepata mahali pa kuanzia. Alifunika mtoto kichwa.

Askari wengine walipokuja na mji ukatulia kidogo, watu walianza kutoka kambini kwenda kutazama kilichobaki. Nyumba ya chumba kimoja aliyokuwa anapanga koko haikuwa na bati wala mlango. Ya Honorine ilikuwa imesimama. Mtaa wake ulikuwa wa watu wa ziwa peke yao sasa. Nyumba za watu wa vilima zilizokuwa humo zilikuwa wazi kama mapengo ya meno yaliyong'olewa, na majani yalianza kuota sebuleni.

"Utakuja kwangu," Honorine alisema. "Niko na chumba mbili, na ya Floribert siwezi kuingia peke yangu. Mutoto akilia mule, itakuwa vizuri. Na ule mama yako wa kazi atalala jikoni. Kule kuko moto."

Pale Bénédicte angeweza kusema. Hata alifungua mdomo. Lakini Destin alikuwa anakohoa tangu usiku, na Honorine alikuwa amekwisha kumchukua mgongoni. Mdomo uliofunguka ulisema, "Aksanti, mama."

Basi Bénédicte alilala kwenye kitanda cha marehemu, na nyanya yake akalala kwenye mkeka jikoni, kati ya mkaa na bido. Moshi ulikuwa unatoka kwa shida kwenye paa la nyasi. Kabla ya mvua za mwisho wa mwaka koko alikuwa na kikohozi kikavu, kifupi, ambacho alikimeza kila mara alipoona mtu.

Kilichomuumiza zaidi Bénédicte ni kwamba Honorine hakuwa mtu mbaya. Kama angekuwa mbaya, uongo ungekuwa mwepesi. Alimletea uji wa mtama, akambeba Destin mpaka kwenye misa, akamwonyesha kila mtu kama vile amemzaa yeye. Tangu kumzika Floribert bega lake la kuume lilikuwa limekaza, asiweze hata kutwanga. Siku moja Koko Scholastique alimwona anavyolishika, akachemsha maji bila kuombwa. Bénédicte alikuwa mlangoni na mtoto. Alimwona koko anakamua kitambaa, anageuka kidogo ukutani, anakiweka kwanza chini ya blauzi yake, anauma mdomo, anangoja. Ndipo alipokibandika kwenye bega la yule mama mwenye kitambaa cheusi.

"Eh, Bénédicte," Honorine alisema, macho yamefumba, "huyu ulimuokota njia gani? Nipeleke na miye niokote mwingine."

"Tulikutana tu, mama."

"Bahati yako. Angalia mikono. Mutu wa Niania anakandaka vile?"

"Niania tuko na kila namna ya watu, mama," koko alisema, na kukandamiza.

Bénédicte alicheka kwa mdomo. Alipoingia chumbani alikaa kwenye kitanda cha Floribert, akamnyonyesha mtoto ambaye hakuwa na njaa.

Alijaribu kulipa kidogo kidogo, kwa siri. Koko alikula mwisho, sahani juu ya magoti, uso ukutani. Bénédicte alificha kipande cha samaki chini ya bugali wa koko kabla ya kumpelekea. Kesho yake alikiona kile kipande, kimetolewa miiba yote, kimepondwa, kiko ndani ya uji wa Destin. Alimtazama koko. Koko alikuwa anafagia.

Mtoto akakua, akakaa, akaanza kushika vitu. Nywele zake zikawa nyingi. Kwetu nywele za kwanza za mtoto hazikatwi ovyo. Anayezikata ni nyanya wa upande wa mama, aliyempokea alipotoka tumboni. Anazilowesha kwa maji ya moto kidogo, anazinyoa, anazifunga ndani ya kipande cha kikwembe chake mwenyewe, na tangu hapo mtoto ni wake pia, hakuna wa kumwondolea. Kama huyo amekufa, wembe unakwenda kwa nyanya mwingine wa mama mzazi, wa upande wa baba yake. Mtu wa nje hagusi.

"Huyu ataoza kichwa," Honorine alisema kila juma. "Nywele kama ya mwenda wazimu. Tunangoja nini?"

"Tungoje kidogo, mama. Barabara ya Tchomia ingali imefungwa."

Koko Scholastique alisikia maneno hayo akiwa anapepeta unga. Hakuinua uso. Lakini jioni Bénédicte alimwona anamchana mtoto kwa vidole, polepole, nywele moja moja, kama mtu anayepitisha mkono juu ya kitu kilichokwisha kuuzwa.

Kisha siku moja Honorine alirudi kutoka sokoni anacheka peke yake. "Barabara imefunguka. Nimewapa wauza samaki maneno, wamemufikishia koko yako kule Tchomia. Juma ya mungu anakuja kunyoa. Nilitaka kukushangaza, lakini mudomo yangu haifungake."

Bénédicte alimshukuru. Koko Madeleine hakuwahi kuingia mahali bila kupiga kelele, na kelele yake ya kwanza siku zote ilikuwa jina la Scholastique. Angesimama mlangoni na kuuliza kama watu wa vilima wangali wanakula majani.

Alipanga kumngojea barabarani. Lakini juma ya mungu, baada ya misa, Honorine alimkalisha kupepea mkaa na kugeuza sombe, huku yeye akitafuta beseni safi. Kutoka pale jikoni Bénédicte alisikia sauti nene ya mzee inapiga hodi. Alitupa mwiko, akatoka mbio.

Koko Scholastique alikuwa amemtangulia. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa uzio, anapokea kikapu cha samaki, na vichwa viwili vyeupe vilikuwa karibu karibu. Bénédicte hakusikia neno. Aliona uso wa Koko Madeleine, ulivyokuwa umefunguka wote kwa furaha, unavyojifunga. Mzee yule wa ziwa alitazama chini, akatazama juu, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayesoma kitu asichokifahamu, "Aksanti, mama. Weka tu kwa kivuli."

Akapita. Alimkumbatia Bénédicte kwa nguvu, lakini hakumwangalia machoni.

Walikaa uani. Honorine alileta wembe mpya ndani ya karatasi yake, akamwekea Koko Madeleine kigoda. Bénédicte alimpakata mtoto. Koko Scholastique alipiga magoti na beseni, kama mtumishi, akalishika kwa mikono miwili. Koko Madeleine alilowesha nywele. Alifungua wembe. Mkono wake ukasimama hewani.

"Samaki haikuogopeshake, utaogopa mutoto?" Honorine alisema, akicheka.

"Ni uzee," Koko Madeleine alisema. "Mukono inatetemeka."

Destin hakuupenda wembe. Aligeuka, akanyoosha mikono yote miwili kwa yule aliyemzoea, akashika kitambaa cha Koko Scholastique, akavuta. Koko aliweka beseni chini. Alifungua vidole vile kimoja kimoja, kwa upole, akavirudisha kwa mama yake.

"Hapana, mutoto ya madame," alisema. "Rudi kwenu."

"Koko Madeleine, weka wembe," Bénédicte alisema.

Mzee aliuweka upesi, kama vile ulikuwa unamchoma.

"Mama Honorine." Bénédicte alimgeukia. "Huyu si mama mwenye kunisaidia. Ni koko yangu. Alimuzaa mama yangu, akanilea miye. Wembe ni yake. Ni mutu wa Djugu. Nilikudanganya kule kambini, na kila siku nimekudanganya tena."

Wa kwanza kusema alikuwa Koko Scholastique, na alisema haraka.

"Musimusikilize, mama. Madame iko na homa. Hakulala, mutoto alilia. Miye wa Niania. Alikuwa anasema vile na kambini, homa ikipanda." Alikuwa anatazama mlango wa uzio, kama mtu anayepima mbio. "Madame, nyamaza. Utamulaza mutoto wapi?"

Hapo ndipo Bénédicte alipoona. Miezi yote alidhani anaadhibiwa kwa lile neno, madame. Kumbe koko alikuwa amelishika mbele yao wote kama mtu anavyoshika mlango upepo ukisukuma, na hata sasa, mlango ukiwa wazi, alikuwa angali ameushika.

"Mutu wa Djugu," Honorine alisema. Mkono wake wa kushoto ulipanda wenyewe mpaka kwenye bega la kuume. "Ulinishika huku. Kila juma."

Koko aliacha kutazama mlango wa uzio. "Ndiyo, mama."

"Na ulijua juu ya Floribert."

"Nilijua. Na miye nilikuwa na mutoto mumoja tu. Haikuwa vita ilimukamata, lakini fasi inaumaka, naijua."

Honorine alisimama. Bénédicte angependa apige kelele, atupe beseni, aite majirani. Honorine aliingia ndani na kufunga mlango, taratibu, kama watu wanavyofunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Tufunge vitu," Koko Scholastique alisema. "Upesi."

Vitu havikuwa vingi. Sufuria ile ile, nguo ndani yake, bido. Koko Madeleine alisaidia kufunga, akinung'unika kwamba Tchomia kuna nyumba yake na mlango wake, na atakayeuliza swali ataulizwa yeye. Destin, nywele zimeloa, alikuwa amekaa chini anapiga beseni kwa kiganja na kufurahia maji.

Mlango ukafunguka. Honorine alikuwa na macho mekundu na uso uliooshwa. Hakumtazama Koko Scholastique. Alitazama sufuria iliyofungwa, akatazama mtoto.

"Nani alisema muende?"

Koko Madeleine aliachia fundo alilokuwa anakaza.

"Mumelowesha mutoto kichwa na mumemuacha kwa upepo. Kwangu hatufanyake vile. Munyoe." Alikaa kwenye kizingiti, akawapa mgongo. "Mambo ingine sijui. Musiniulize leo."

Maji yalikuwa yamepoa. Koko Scholastique alikwenda jikoni, akaleta mengine. Alichovya kitambaa, akakikamua, akakiweka kwanza chini ya blauzi yake, akangoja. Kisha akakifunika juu ya kichwa cha Destin, na mtoto akanyamaza. Koko Madeleine alimsukumia wembe. Mgongo wa Honorine pale kizingitini haukugeuka, lakini haukuondoka.

Nywele za kwanza zilianguka juu ya kikwembe. Bénédicte alishika kichwa cha mtoto kwa mikono miwili.

"Koko," alisema kwa sauti ya chini, "ulinikasirikia?"

"Nilikasirika, ndiyo." Wembe ulipita nyuma ya sikio. "Ulitaka niseme hapana? Siku ile nilikasirika mpaka sufuria ilikuwa nyepesi. Lakini si kasirani ilinifunga mudomo. Ningekuita vile hata mara moja, ingetoka tena mbele ya watu. Mudomo yangu naijua, weye pia unaijua."

"Ningesema kambini."

"Ungesema kambini, tungelala kwa mvua."

"Na ukalala jikoni miezi yote hii kwa sababu yangu?"

Koko alipuliza nywele zilizobaki kwenye wembe, akageuza kichwa cha mtoto kuelekea mwanga. Alimtazama Bénédicte, macho yake hayakuinama, na midomo ikakunjika upande mmoja.

"Shika kichwa ya bwana yangu vizuri, mbanda," alisema. "Ama unataka nimukate masikio, asikusikie ukimuita, abaki ya miye peke yangu?"

Jibu Bénédicte alilijua. Alifundishwa kulijibu tangu hajaota meno ya pili. Alitakiwa kusema kitu juu ya uzee, au juu ya sombe isiyo na chumvi, na koko angecheka mpaka kitambaa kimtoke. Alifungua mdomo, na hakuna kilichotoka.

"Eh, mbanda wako amekuwa bubu," Koko Madeleine alisema. "Ni majani. Nilisema."

Koko Scholastique alitaka kucheka, kikohozi kikamkamata, kile cha jikoni, kikavu. Aligeuza uso pembeni asimkoholee mtoto, akangoja kipite, akapangusa mdomo kwa mkono wa blauzi. Kisha akarudi kwenye kazi yake. Bénédicte alishika kichwa vizuri, kama alivyoambiwa.